Uliza Tukujibu: Jamaa wawili wanakata ugali wa dunia

Toleo lililopita tuliweka ukurasa wa nyuma picha moja ya kale, Napoleon Bonaparte, yule mtawala wa Ufaransa, amepindua meza na kiti, anarusha mateke na kupiga kelele kama mtoto amenyimwa mandazi, na chini tukaandika tu kwamba ilichapwa London mwezi wa Mei 1803. Hatukueleza kitu kingine, na hiyo ilikuwa kosa letu, juu tangu siku hiyo barua hazijakoma. Wengine wametukana, wengine wameuliza maswali ya maana, na mmoja wa Molo ametuma mchoro wake mwenyewe wa landlord wake, ambao hatutauchapisha kwa sababu landlord pia ni msomaji. Wacha tujibu hizi chache.

Mhariri, salamu. Mimi ni fundi wa fremu hapa Kisumu, kibanda changu kiko upande wa Kibuye. Mteja ameniletea picha alinunua kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba. Wanaume wawili wamekaa kwa meza wanakata kitu mviringo iko na ramani ya dunia, mmoja ni mrefu mwembamba, mwingine mfupi na kofia kubwa ya manyoya. Haina rangi, ni nyeusi na nyeupe tu, karatasi nzito. Mteja anasema ina miaka mia mbili na anataka fremu ya bei kali, lakini mimi nashuku ilikatwa kwa kalenda. Ni picha ya nini na nitajuaje kama ni ya ukweli? (Fundi, Kibuye)

Fundi, umeieleza vizuri hadi nimeijua kabla nifike nusu ya barua. Hiyo ni kazi ya James Gillray, mchoraji wa dhihaka wa London, yule yule wa picha yetu ya mateke, na ilitoka London tarehe 26 Februari 1805. Mrefu mwembamba ni William Pitt, waziri mkuu wa Uingereza. Mfupi ni Napoleon, ambaye hata miezi mitatu haikuwa imeisha tangu ajivishe taji la mfalme mkuu wa Wafaransa, Desemba 1804. Hicho kitu cha mviringo ni pudini ya Krismasi ya Waingereza, inachemshwa ndani ya kitambaa hadi inatoka duara, moshi unafuka, lakini mimi kila nikiiangalia naona ugali. Ugali kwa sahani, jamaa wawili, na hakuna anayemngoja mwenzake anawe mikono.

Sasa angalia mikono, juu hapo ndipo kazi iko. Pitt ametulia kwa kiti chake, uma wake una meno matatu kama chusa ya kuvulia samaki, na anajikatia upande wa bahari, kipande kinono. Napoleon naye imebidi ainuke kwa kiti ndio mkono ufike, macho yamemtoka, na anakata Ulaya kwa upanga, si kwa kisu. Yaani mmoja anakula kama mtu amezoea meza, mwingine anakula kama mtu anaogopa sahani itaondolewa. Picha ilitoka wiki chache baada ya Napoleon kumwandikia mfalme wa Uingereza, Januari 1805, akiongea mambo ya amani, na Gillray ni kama anauliza, amani gani hiyo ya kugawana chakula cha watu wengine?

Kitu kinanishangaza kila mara ni tarehe. Hiyo picha iliuzwa Februari. Oktoba 21 mwaka huo huo Waingereza wakavunja meli za Wafaransa na Wahispania pale Trafalgar, na bahari ikawa yao. Desemba 2 Napoleon akawapiga Waaustria na Warusi pale Austerlitz, na nchi kavu ikawa yake. Ni kama majenerali walisoma picha kwanza ndio wakaenda vitani kuikamilisha! Bila shaka ni bahati, lakini pia ni macho, juu mtu akichora ukweli wa mambo vile yamekaa, wakati humfuata.

Haya, kuhusu kalenda. Chukua lenzi, ile ya kusomea maandishi madogo, uangalie mistari kwa karibu. Ukiona imejengwa na vidoti vidoti vya duara, hiyo ni mashine ya siku hizi, mrudishie mteja umpe pole. Ukiona mstari ni mstari, umejaa wino hadi ukipitisha kidole unahisi umeinuka kidogo, endelea. Halafu tafuta alama ya bamba, ni mbonyeo wa pembe nne kuzunguka picha yote, unaachwa na bamba la shaba likikandamizwa kwa karatasi yenye unyevu, kalenda haiwezi kuwa nayo. Na kuna jambo la tatu. Gillray alikufa 1815, lakini mabamba yake hayakufa, mwaka wa 1851 mfanyabiashara wa vitabu anaitwa Henry Bohn aliyachapa tena kwa kitabu kimoja kikubwa, bila rangi, na karatasi nyingi akazichapa pande zote mbili ili asipoteze karatasi. Kwa hivyo geuza. Ukikuta namba kwa kona ya juu na picha nyingine nyuma, basi ni ya bamba lenyewe la Gillray lakini mkono wa Bohn. Bado ni mali, ila si ile ya 1805.

Na tafadhali usiibandike na gluu, na nyuma usiweke kadibodi ya boksi la sabuni, ile huchoma karatasi polepole hadi inakuwa rangi ya chai.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Kakamega. Wanafunzi wangu wote wanajua jambo moja tu kuhusu Napoleon, kwamba alikuwa mfupi. Je ni kweli ama ni hizi picha? (Mwalimu, Kakamega)

Ni hizi picha, mwalimu, pamoja na futi.

Vipimo vya Wafaransa vya zamani vilimpa Napoleon futi 5 na inchi 2. Mwingereza akisoma hivyo anaona mtu wa sentimita 157. Lakini inchi ya Mfaransa wakati huo ilikuwa ndefu kuliko ya Mwingereza, kama sentimita 2.7 kwa 2.54, kwa hivyo ukihesabu vizuri unapata kama sentimita 168, mtu wa kawaida kabisa wa zama zake, angepita Kakamega mjini bila mtu kugeuka. Ongeza kwamba askari wake wa ulinzi walichaguliwa kwa urefu, na alipenda kusimama katikati yao.

Hata hivyo lawama kubwa ni ya Gillray. Ni yeye aliyempa lile umbo la katoto kenye kofia na buti kubwa kuliko mwili, na Waingereza wakamwita Boney mdogo. Juni 1803 alitoa picha moja, mfalme George wa Tatu ni jitu, amemweka Napoleon kwa kiganja na anamtazama kwa darubini kama mtu amepata kadudu kwa mchele. Fikiria ulikuwa Mwingereza mwaka huo. Vita vimetangazwa Mei 18, jeshi linakusanyika ng'ambo ya mlango wa bahari, mama wanawatisha watoto wao kwamba Boney atakuja usiku. Halafu unapita dukani unaona huyo Boney anatosha kwa kiganja. Unapumua. Hapo ndipo senti zako zinatoka.

Waambie wanafunzi wako wapime mtu wa sentimita 168 kwa ukuta wa darasa. Nina uhakika mmoja wao atagundua kwamba Napoleon ni mrefu kuliko mwalimu, utanisamehe.

Sema mhariri. Mimi naprinti t-shati hapa Nakuru, wakati wa kampeni nakosa hata usingizi. Nimesoma hiyo picha yenu ilitoka siku sita tu baada ya vita kutangazwa. 1803 hakuna kompyuta hakuna stima, waliwezaje? (Mprinti, Section 58)

Siku sita, ndio, Mei 18 hadi Mei 24. Na wewe ndiye mtu wa kuelewa hii kuliko mimi.

Chukua bamba la shaba lililong'arishwa kama kioo. Unalipaka nta nyembamba, unaipitisha juu ya moshi wa mshumaa hadi inakuwa nyeusi tititi. Halafu unachora kwa sindano, si kukata chuma, ni kukwaruza nta tu, kwa hivyo mkono unakimbia haraka kama penseli, na kila penye sindano imepita shaba inaangaza kama uzi wa dhahabu. Ukimaliza unamwaga asidi. Penye nta asidi haigusi, penye mstari inakula. Ukiacha dakika chache unapata mstari mwembamba, ukiacha zaidi unapata mnene. Unaosha, unatoa nta, unasugua wino bamba lote halafu unaufuta wote kwa kitambaa, wino unabaki tu ndani ya mitaro, unaweka karatasi yenye unyevu juu, unapitisha kwa mashine ya kubana yenye magogo mawili. Wino unaruka kutoka mtaroni hadi kwa karatasi. Ndio maana nilimwambia fundi wa Kibuye mstari unahisiwa na kidole.

Ugumu ni mmoja, kila kitu kinatoka kimegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Na Gillray alijaza picha zake maneno, watu wanaongea hadi nafasi inaisha, yote hayo aliandika kinyumenyume. Nilikuwa siamini mtu anaweza kufanya hivyo kwa kasi hadi wiki jana nikaenda kwa fundi wa mihuri hapa Nakuru, anakaa kwa korido ya duka la simu, meza yake ni kama sahani mbili ukubwa. Kwa kiwembe na kipande cha raba alichonga jina la kikundi cha akina mama, herufi kumi na tisa, kinyume, akiongea na mimi kuhusu bei ya viazi, na macho nusu yako barabarani anaangalia kama askari wa kanjo wanakuja. Nikamuuliza huwa hakosei? Akasema herufi moja tu humsumbua, S. Nimerudi nyumbani nikaangalia picha za Gillray kwa lenzi nikitafuta S.

Rangi nayo haikuprintiwa. Ilipakwa kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine, kwa brashi, na watu wa kulipwa kidogo waliofuata mfano mmoja uliowekwa mbele yao. Ya rangi ilikuwa bei kuliko ile kavu. Duka lilikuwa la mama mmoja, Hannah Humphrey, 27 St James's Street, na Gillray aliishi hapo hapo juu ya duka. Picha mpya inawekwa kwa dirisha, wapita njia wanajazana, wasio na pesa wanacheka bure na wenye pesa wanaingia. Maduka mengine ya aina hiyo yalikodisha hata albamu nzima kwa usiku mmoja, unapeleka nyumbani wageni wacheke, kesho unarudisha, kama vile sisi tulikodisha kanda za video pale mtaani na ukichelewa unalipa faini.

Umeuliza pia kama unaweza kuweka ile picha ya ugali kwa t-shati. Hakimiliki ya mchoraji kwa sheria yetu huisha miaka 50 baada ya kifo chake, na Gillray amelala tangu 1815, kwa hivyo printi tu. Ila usichukue picha ya simu ya mtu mwingine bila kumuuliza.

Mhariri mimi sijafurahia. Watoto wetu tunawafundisha wasimcheke mtu kwa maumbile yake, halafu ninyi mnaweka mtu mzima anachekwa kwa ufupi na mnaita sanaa. Vita ni vifo. Kuna nini cha kuchekesha? (Mama wa watoto wanne, Bungoma)

Mama, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya kwanza nilitaka kubishana.

Uko sawa kwa nusu. Nenda uwanja wowote wa shule wakati wa break utasikia mchongoano. Yule mtoto dhaifu wa mchongoano anasema tu "wewe ni mfupi", watu wanaguna. Yule mkali anasema wewe ni mfupi hadi ukianguka kutoka kwa kitanda unaanguka juu, watu wanalala chini, na hata aliyechongolewa anacheka, juu sasa si yeye tena, ni hadithi. Picha nyingi za vita za zama hizo ni za yule mtoto wa kwanza, matusi tupu, adui ana pua kubwa, adui ni nyani, adui ni shetani. Nimeziona nyingi na zinachosha baada ya dakika moja, na mimi sizitetei hata kidogo, juu kuanzia kwa kiongozi mtu hufika haraka sana kwa watu wake wote.

Lakini zile nzuri hazichekeshi sura, zinachekesha kitendo. Januari 1806 Gillray alimchora Napoleon ni mwokaji. Amevaa aproni, ana koleo refu la tanuri, anatoa wafalme wapya waliotengenezwa kwa unga wa biskuti ya tangawizi, moto moto, Bavaria, Württemberg, Baden. Nyuma huko waziri wake Talleyrand anakanda unga wa wengine. Bavaria na Württemberg kweli ndio walikuwa wameinuliwa kuwa falme mwezi huo huo, kwa mkono wa Napoleon. Na kabla mwaka uishe alikuwa ameshamweka kaka yake Joseph kuwa mfalme wa Naples na mdogo wake Louis kuwa mfalme wa Uholanzi. Ukiangalia hiyo picha hukumbuki urefu wa mtu, unakumbuka koleo. Sisi tunaojua vile vyeo hugawanywa usiku na asubuhi mtu anaamka na bendera kwa gari, tunahitaji maelezo?

Na kuhusu vifo, iko moja haichekeshi kabisa na ilisambaa kuliko zote. Mwisho wa 1813, baada ya Napoleon kupigwa Leipzig mwezi wa Oktoba, ndugu wa Berlin, akina Henschel, walitoa kadi ya mwaka mpya. Ukiitazama kwa mbali ni picha nzuri ya Napoleon kwa upande, ya heshima, ungeweza kuiweka sebuleni. Sogea. Shavu ni mgongo wa mtu uchi. Jicho, pua, taya, zote ni maiti zimefungamana, uso mzima umejengwa na waliokufa. Kofia ni tai amejikunyata. Koti ni ramani, na kifuani, mahali pa nishani, kuna buibui kwa wavu wake. Iliigwa London na miji mingine mingi ya Ulaya. Hapo hakuna aliyemcheka mtu kwa maumbile, mama. Walimvika hesabu yake usoni.

Kwa hivyo ile tuliyoiweka, ya mateke, ni ya katikati. Ina hasira ya mtoto, lakini iko na sababu, ilikuwa imesikika hadi London kwamba Machi ile Napoleon alimfokea balozi wa Uingereza mbele ya watu. Ningechagua tena ningechagua ya mwokaji.

Mzee wetu alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, akapelekwa Bama (Burma) kupigana na Mjapani. Alikuwa akituambia waliambiwa Hitla ni mtu mbaya lakini hajawahi kumwona hata kwa picha. Je Waingereza walichora hizo dhihaka kwa ajili ya Wazungu tu? (Mjukuu, Siaya)

Mjukuu, asante, na heshima kwa mzee. Bama si mchezo, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw 1944 wakati wa mvua kubwa, matope na malaria.

La, hazikuchorwa kwa Wazungu tu. Vita vya pili wizara ya habari ya Uingereza ilikuwa na mchoraji anaitwa Kimon Evan Marengo, yeye alisaini Kem. Alizaliwa Misri 1904, asili yake Mgiriki, na alichora maelfu ya katuni za vita kwa lugha nyingi. Kazi yake moja naipenda sana. 1942 walitaka kuwashawishi Wairani, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kumpenda Mwingereza, juu mwaka mmoja nyuma yeye na Mrusi walikuwa wameingia nchi yao kwa nguvu. Ukimpelekea mtu kama huyo katuni ya Hitla anaanguka kwa ndizi atakuuliza hii inanihusu nini. Kem akachukua hadithi ya Wairani wenyewe, ya mfalme dhalimu Zahhak, aliyeota nyoka wawili mabegani, na kila siku nyoka hao lazima walishwe bongo za vijana. Akachora kwa mtindo wa vitabu vya kale vya Kiajemi, rangi za vito, farasi, mawingu ya kujikunja. Zahhak akampa uso wa Hitla. Nyoka mmoja akampa uso wa Mussolini, wa pili Tojo wa Japani. Zikachapwa kama postikadi.

Na kwa hadithi hiyo anayemwasi dhalimu si mwana wa mfalme, ni mhunzi, Kaveh, amechoka kuona wanawe wakiliwa, anafunga aproni yake ya ngozi kwa mti ikawa bendera. Jua kali kabisa. Ila kwa postikadi za Kem, wanaokuja na farasi kumaliza kazi ni Churchill, Stalin na Roosevelt, hapo ndipo unakumbuka nani alilipa wino.

Hapa kwetu gazeti la Baraza lilianza 1939, mwaka wa vita, kwa Kiswahili, na watu walisomeana habari kwa sauti. Lakini ukweli ni kwamba kumcheka adui huku hakukungoja karatasi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, karne moja na zaidi kabla ya Hitla, alikuwa akiwarushia mashairi watu wa Sayyid Said, sultani wa Oman, na wa Lamu wakati Mazrui, watawala wa Mombasa, wanapigana nao, na shairi halihitaji dirisha la duka.

Ni Wazungu tu walichapa hizi picha? (Msomaji, Busia)

Hapana. Mjapani Kobayashi Kiyochika wakati wa vita vya Japani na Urusi, 1904 na 1905, alichora picha za kuchapwa kwa mbao na kutoa mfululizo mzima wa mzaha. Mmoja unamwonyesha Tsar Nicholas wa Pili ametolewa usingizini na jinamizi, jeshi lake linarudi limejaa bandeji. Mbao moja kwa kila rangi, si brashi.

Swali fupi. Hao wachoraji hawakushikwa? (Wa boda, Free Area)

Jibu si fupi sana.

Napoleon alikasirika kweli. Wakati wa amani ya 1802 alilalamika kwa Waingereza kuhusu magazeti na dhihaka za London, na kweli mwandishi mmoja Mfaransa aliyekimbilia huko, Jean Peltier, alishtakiwa kwa kumtukana na mahakama ikamkuta na hatia Februari 1803. Lakini kabla ahukumiwe vita vikarudi, na ghafla kumtukana Napoleon hakukuwa kosa tena, kulikuwa uzalendo. Napoleon naye mwenyewe alijua dawa ya moto ni moto, 1805 alimwandikia Fouché, waziri wake wa polisi, atengenezewe katuni za Mwingereza anazunguka na mfuko wa pesa akibembeleza wafalme wazichukue.

Lakini wewe umeuliza kama walishikwa, mimi nakwambia wengi walishikwa kwa njia nyingine. Kuanzia 1797 Gillray alikuwa akipokea pauni 200 kwa mwaka, kimya kimya, kutoka kwa serikali ya Pitt. Na 1820 George Cruikshank, aliyemrithi kwa ukali, alipewa pauni 100 aweke ahadi kwamba hatamchora mfalme wake George wa Nne katika hali ya aibu. Unaona hesabu? Kumchora wa nje unalipwa uchore, kumchora wa ndani unalipwa uache. Sisi wenyewe tunakumbuka, kabla vyama vingi virudi mwisho wa 1991, mchoraji wa gazeti Kenya alijua pua ya nani haichorwi.

Ndio maana mimi bado ninamhesabia Gillray alama, juu mwaka wa 1805, miaka minane tangu aanze kupokea hizo pauni 200, alimkalisha Pitt kwa meza moja na Napoleon na akampa kipande kikubwa zaidi.

Mmoja aliyetafutwa kwa ukweli ni David Low wa London, aliyemchora Hitler hadi Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, akalalamika kwa waziri wa Uingereza uso kwa uso, mwaka wa 1937. Vita vilipoisha jina lake likapatikana kwa orodha ya watu ambao Wajerumani wangewakamata mara tu wakitua Uingereza.

Gillray yeye macho yalianza kufifia, akili ikafuata, alikufa juu ya duka la mama Humphrey tarehe 1 Juni 1815, siku kumi na saba kabla ya Waterloo, pale Napoleon alipopigwa mara ya mwisho.

Nyongeza. Tukiwa tunafunga kurasa nimempigia fundi wa Kibuye nikamwambia aache kila kitu ageuze ile karatasi. Nikasikia kimya, halafu kicheko. Nyuma kuna picha nyingine, anasema, imejaa watu wanene na mbwa, na kwa kona kuna namba. Mteja alikuwa hapo hapo na amekataa kata kata kuficha upande hata mmoja, sasa anataka fremu ya vioo viwili aitundike katikati ya mlango wa sebule na jikoni. Fundi anauliza hiyo huwa inalipishwa kama fremu moja ama mbili. Mwenye kujua atuandikie.